Mikebe Iliyobaki Masaki

Naanza kwa kukiri, maana wengine mlishaisikia habari hii kwa Mama Swaumu na yule ana chumvi zake. Ni kweli nilikamatwa na polisi ndani ya uwanja wa shule siku ya mtihani wa darasa la saba, ni kweli nilipenya kwenye uzio wa minyaa kama mbuzi, na ni kweli dera langu lilibaki na tundu. Ile ya kwamba nilifungwa pingu ni uongo. Nilikalishwa chini tu. Ila ningejua pa kukalishwa ndiyo pale, ningeomba hizo pingu na nipelekwe mbali.

Mimi nina steshenari hapa Sofu, Kibaha, mashine moja ya kopi, kompyuta moja, na mashine ya kulamineti, ile ya kuivika karatasi plastiki, ambayo ndiyo iliyonitia kiburi, kwa sababu ukiwa na mashine ya kulamineti peke yako mtaa mzima unaanza kujiona wewe ni ofisi. Mwanangu Rahma alikuwa darasa la saba. Mtoto wa hesabu yule, mtulivu, akishika penseli hata redio haisikii, na ndoto yake (na yangu, tusidanganyane) ilikuwa apate alama za kwenda shule ya bweni ya wale wenye vipaji. Walimu wenyewe walisema Hisabati ndiyo itakayombeba.

Wiki mbili kabla ya mtihani ikaingia ratiba kwenye simu yangu, kwenye kundi la ndugu, chini yake wameandika tusambaze kwa wazazi wengine. Picha ilikuwa imekatwa juu, pale pale panapokaa mwaka. Mtu mwenye akili zake angejiuliza mwaka uko wapi. Mimi nikaona kazi imenifuata dukani. Nikaichapa upya, nikaizungushia mpaka wa maua, nikaweka picha ya kitabu na kalamu, nikailamineti, nikawagawia wazazi wanne wa mtaani wenye watoto wa darasa la saba, bure, na moja nikaibandika mlangoni kwangu ili kila apitaye aione.

Ratiba yangu ilisema siku ya kwanza, Jumatano, ni Kiswahili, Maarifa ya Jamii na Uraia, halafu Hisabati ni Alhamisi asubuhi.

Rahma akaja jioni na daftari lake mkononi. "Mama, mbona mwalimu katuandikia Hisabati Jumatano? Inafuata baada ya Kiswahili."

Nami nikamjibu, na maneno haya nayakumbuka kuliko hata ya kiapo cha ndoa yangu, "Mwalimu wako kaandika kwa chaki, chaki inafutika. Hii hapa umeona ilivyo? Unadhani kitu kisicho na uhakika kinalaminetiwa?"

Akaitazama ile karatasi, akalitazama daftari lake, akalifunga. "Sawa mama."

Mama Swaumu, mmoja wa wale wazazi wanne, naye alinipigia kuniambia mwanawe anasema kitu hicho hicho. Nikamwambia watoto wanachanganyikiwa na presha, asimsikilize. Kupiga simu shuleni kuuliza kungenichukua dakika moja, lakini niliona haya kuuliza kitu ambacho nimeshakigawa.

Sasa kuna suala la dua. Kwetu mtoto haendi kwenye mtihani mkubwa kalamu zake hazijasomewa. Zinawekwa kwenye sinia, mzee anazisomea, ubani unafukizwa, mtoto anapokea kwa mkono wa kulia. Mwenye kazi hiyo katika ukoo wetu ni mjomba wangu, Mjomba Shomari, anayekaa Masaki kule Kisarawe na mihogo yake na mikorosho yake, mzee asiye na haraka na kitu chochote. Wale wazazi wanne waliposikia nakwenda wakanikabidhi na za watoto wao. Kwa hiyo Jumanne mchana nikamchukua Rahma, tukatoka Kibaha kwa njia ya Kiluvya mpaka Kisarawe, tukapanda bodaboda ya kwenda Masaki, mimi nimepakata fuko lenye kalamu, penseli na mikebe mitano ya hesabu, ile ya bati yenye bikari na rula ndani.

Rahma alikuwa amebeba daftari la Hisabati, anataka arudie maumbo njiani. Nikamnyang'anya. Nikampa la Uraia. "Maumbo kesho jioni," nikasema, "kesho unafungua kinywa na Kiswahili." Akasema tena ile sawa mama yake, akalifungua.

Mjomba alitupokea vizuri, shikamoo, marahaba, tukaletewa muhogo wa kuchemsha, akaanza na sinia la kalamu, akasoma kwa utaratibu wake, kalamu moja moja, kila moja na jina la mtoto. Jua likaanza kushuka na mikebe bado. Bodaboda wetu anapiga honi pale nje. Mjomba akasema, "Hivi vya hesabu navyo vina haki yake, mwanangu. Subirini niswali magharibi nivisomee, au niachieni nivisomee baada ya alfajiri ndiyo vizuri zaidi. Ila kesho havitakiwi?"

"Kesho ni Kiswahili, mjomba. Hisabati ni Alhamisi. Kesho mchana nafuata mwenyewe."

Rahma alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwona anafungua mdomo. Nikamkata jicho, akaufunga. Hapo ndipo, jamani. Nikiulizwa siku ya mwisho ni wapi niliharibu, nitasema ni pale mlangoni kwa Mjomba Shomari, mtoto amefungua mdomo aseme kitu anachokijua na mimi nikaufunga kwa jicho.

Jumatano asubuhi nikampeleka mpaka getini, nikambusu paji la uso, nikaenda kufungua duka nikiwa mtu wa amani kabisa. Saa nne kasorobo akaingia mwalimu kijana wa shule ya jirani anataka kopi moja, ile waliyobandika ofisini kwao imeliwa na mbuzi. Nikaweka karatasi kwenye mashine, taa ikapita, kopi ikatoka, nami nina tabia ya kuangalia kama wino umekolea. Wino ulikuwa umekolea. RATIBA YA MTIHANI, na mwaka upo, mkubwa, wa mwaka huu. Jumatano, saa mbili, Kiswahili. Jumatano, saa nne na nusu, Hisabati.

"Hii ya wapi?" nikamuuliza.

"Ya nchi nzima, mama," akasema, akageuka akaangalia mlango wangu. Akasoma ile yenye maua, akasogea aisome vizuri. "Na hii ni ya mwaka jana?"

Nilichofanya ni kukusanya mikebe mitano mipya kutoka kwenye rafu, kuitia kwenye mfuko, kumwachia yule kijana duka (simjui hata jina, Mungu ambariki, nilikuta hajagusa kitu) na kurukia bodaboda. Kichwani nina picha moja tu, watoto watano wamekaa mbele ya maumbo mikono mitupu, kwa sababu yangu.

Getini nikamkuta mlinzi, mtu ninayemfahamu, kila siku ananiomba karatasi za kufungia kashata za mkewe. "Mama Rahma, leo hata mwalimu mkuu hasogei pale," akasema. "Wasimamizi wametoka shule nyingine, na polisi yupo. Rudi nyumbani." Nikamsihi, nikamwonyesha mikebe, akatikisa kichwa. Hapo nilikuwa na nafasi nyingine ya kurudi nyumbani. Lakini mimi nilisoma shule hiyo hiyo, na najua nyuma ya choo kuna uwazi kwenye minyaa tuliokuwa tunatokea kwenda kununua ubuyu. Nikazunguka.

Uwazi upo bado, tatizo ni kwamba nilipita mara ya mwisho nikiwa na miaka kumi na tatu. Nikaingiza kichwa, nikaingiza mfuko, dera likashika, nikavuta, likalia kraa, nikatokea upande wa pili kwa magoti. Nilipoinua uso nikaona buti.

"Mama, simama hapo hapo. Mfuko weka chini."

Alikuwa kijana, wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Akafungua mkebe wa kwanza. Sasa nyie mnaijua mikebe hii, ndani inakuja na kikaratasi cha jedwali la kuzidisha na kanuni za maumbo, eneo la duara na kadhalika. Akakitoa. Akafungua wa pili, akatoa kingine. Akavipanga vitano kwenye kiganja chake.

"Hii ni nini?"

"Inakuja na mkebe, afande. Kutoka kiwandani."

"Kanuni za Hisabati. Saa ya Hisabati. Kupitia chooni." Hakupandisha sauti, na ndiyo iliyoniogopesha. "Unakaa mbele yangu mpaka msimamizi mkuu atoke, siwezi kuondoka kwenye lindo na siwezi kukuachia."

Na lindo lake lilikuwa uwanjani, hatua kama kumi na tano kutoka madirisha ya chumba cha mtihani. Nikakaa chini kwenye vumbi, nimeziba tundu la dera kwa mkono, mfuko wa ushahidi uko miguuni kwake, na barabarani nje ya geti watu wanaanza kusimama. Mama Swaumu alikuwa miongoni mwao, sijui nani alimwambia. Simu zikainuliwa. Nilitamani ardhi inimeze, lakini aibu ya watu wa nje niliivumilia, kwa sababu ghafla niliona kitu kingine.

Dirisha la pili kutoka mwisho, mstari wa ukutani, alikuwa amekaa Rahma. Alikuwa ananitazama.

Nikamwashiria kwa mkono aandike. Polisi akaniambia nisitoe ishara zozote. Nikageuza uso, nikawapa mgongo, na nilipogeuka tena baada ya muda mrefu alikuwa bado ananitazama, penseli iko juu ya dawati. Saa mbili nzima mtihani ule ulichukua, nami sikuweza hata kujificha nyuma ya mti, kwa sababu nilikuwa mtuhumiwa.

Kengele ilipolia, msimamizi mkuu akatoka na mwalimu mkuu akaitwa. Wakanisikiliza. Msimamizi akaviangalia vile vikaratasi akacheka kidogo, akasema hata mtoto wake wa nyumbani anao mkebe kama huo, akamwambia afande aniachie. Halafu mwalimu mkuu akasema kitu kilichonimaliza. Akasema watoto watano hawakuwa na mikebe, ndiyo, lakini kila mwaka kuna wanaosahau, kwa hiyo jana yake waliazima ya darasa la sita na kila mmoja alipewa wake kabla karatasi haijagawiwa. "Walikuwa na kila kitu, Mama Rahma. Hukuhitajika kuja."

Akautazama mfuko wangu, ndani yake ilikuwemo nakala moja ya ratiba yangu ya maua (sijui niliichukua ya nini). Akaisoma yote, akanirudishia. "Ungetuuliza tu," akasema.

Jioni tulirudi mimi na Rahma kwa miguu. Tulipokaribia nyumbani akaanza yeye.

"Swali la pembetatu nilikuwa nalijua," akasema. "Nimelianza mara nne. Kila nikiinua kichwa nakuona umekaa chini na polisi kasimama. Nilikuwa nafikiria nikitoka nitakukuta hupo."

Nikamwomba msamaha palepale njiani. Akasema yameisha mama. Siku ya pili akafanya karatasi zilizobaki, na wazazi wale wanne nikawapitia mmoja mmoja kuomba radhi, wakanisamehe, wawili kati yao wakicheka mpaka machozi. Mikebe ya Masaki ililetwa Ijumaa na bodaboda, imefungwa kwenye kanga, inanukia ubani. Mjomba alikuwa ameisomea yote mitano kikamilifu.

Matokeo yalipotoka Rahma alifaulu, namshukuru Mungu. Masomo yote alifanya vizuri isipokuwa moja, na mnalijua. Shule ya wenye vipaji hakuitwa. Amepangiwa sekondari ya kata, anakwenda kwa miguu, ana marafiki, anatumia ule mkebe wa mjomba, na hajawahi kunilaumu hata kwa neno moja.

Ratiba ya mlangoni niliibandua siku ile ile nikataka kuichana, ila karatasi iliyolaminetiwa haichaniki, kazi yangu nzuri hiyo. Ninayo chini ya mashine. Nimeapa sitasambaza tena karatasi yoyote ambayo sijaiulizia kwa mwenyewe, na hilo ni rahisi, nimelitimiza.

Kuna jingine ndilo gumu. Juzi Rahma alipewa karatasi ya siku ya wazazi kule shuleni, nikaisoma haraka nikasema, "Kumbe ni Ijumaa." Usiku nikairudia taratibu, nikaona imeandikwa Jumamosi, tena kwa herufi nzito. Asubuhi nikamuuliza, Rahma, wewe si uliisoma hii, si uliona ni Jumamosi?

"Niliona."

"Mbona hukuniambia?"

Akaendelea kufunga kamba za viatu. "Si ulisema Ijumaa, mama."

Namwomba anibishie. Kila siku namwambia, mwanangu, nikikosea nibishie, hata mbele za watu, na kila siku ananijibu lile lile, kwa adabu zote, sawa mama.