Nilivyopiga Magoti Ukweni Kasulu Nikashindwa Kuinuka

Najua habari hii mmeshaisikia, maana kuna watu Kasulu wanaisimulia kuliko wanavyosimulia mambo ya nyumbani kwao, lakini wanaikosea, mara nilizimia, mara nilikuwa nimekunywa, kwa hiyo leo naisema mimi mwenyewe mwenye aibu yangu, na waliosababisha nitawataja kwa majina: wifi yangu Generoza, na Masudi anayeuza dawa za kuchua pale stendi ya Kibondo. Wakikasirika wakasirike, mimi nilishawatangulia.

Magoti yangu yana miaka yanauma. Tangu utoto nimelima kwa kuinama, nimepanda na kushuka hii milima na mihogo kichwani (shule niliishia la nne, kwa hiyo hata nafasi ya kukaa kitako kwenye dawati sikuipata sana), na sasa goti la kulia nikiamka linalia kama mlango usiotiwa mafuta. Hospitali wakaniambia mifupa imeanza kusagika lakini haijafika mahali pa kupasuliwa. Dada wa mazoezi ya viungo akanielekeza vizuri: kaa kitini, nyoosha mguu, ushikilie hapo juu kidogo, ushushe, urudie, goti likandwe kwa kitambaa cha maji ya moto, mwili upungue (hapo nikajifanya sisikii), fimbo ya kutembelea nisiione aibu, vidonge nimeze maumivu yakizidi tu, na nisipige magoti chini. Yakishindikana hayo, kuna sindano ya kuchoma kwenye goti lenyewe. Nikafanya mazoezi, likapata nafuu, nikaacha. Likauma, nikaanza. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi, mimi na goti.

Basi mwanangu Erasto akapata mchumba Kasulu, Dativa, binti mpole anayefundisha shule ya msingi. Tatizo, nyumba ile ilishaumizwa. Mchumba wa kwanza wa Dativa alipoposa kila kitu kilikwenda vizuri, halafu karibu na harusi ikajulikana ana mke na watoto Mpanda. Kwa hiyo baba yake Dativa akawa mtu wa kunusa. Erasto akaniambia, "Mama, pale kosa dogo tu nimekwisha. Nakuomba siku hiyo uwe mama wa kawaida."

Mama wa kawaida kwetu Waha anajulikana kwenye salamu. Unapiga magoti, unapiga viganja taratibu, mwakeye, mwakeye, unaulizwa habari za nyumbani, za mashamba, za ng'ombe, na haraka hakuna. Nikasema nitakwenda na fimbo, mshenga awaeleze mapema kwamba nitasalimia nimekaa. Generoza akaruka.

"Fimbo? Wifi, tunakwenda kuposa au tunakupeleka kulazwa?"

"Magoti, Generoza."

"Wataona mama mwenyewe amechakaa hivi, watauliza kijana naye ana nini mwilini. Nenda kwa Masudi upake dawa, upige magoti dakika moja, tumalize."

Nikamsikiliza. Hapo ndipo nilipopotea. Masudi akanipa kichupa chenye pilipili ndani, akasema kimetoka Tanga, mzee wa Tanga akipaka anacheza ngoma. Sasa hivi anadai aliniambia nipake kidogo na nisifunge kitu juu. Hakuniambia. Au aliniambia, lakini alikuwa anaongea na wateja wawili kwa pamoja, sasa mimi nijue maneno yangu ni yapi? Asubuhi ya safari nikapaka kichupa kizima, nikaona moto utatoroka bure, nikafunga mfuko wa nailoni kila goti, juu yake bandeji, juu yake gauni na kitenge. Fimbo nikaiacha nyuma ya mlango.

Njia nzima sikusikia kitu, nikamsifu Masudi (Mungu anisamehe). Tukafika, tukapokelewa, mama yake Dativa akatokeza, mwanamke mnene kama mimi, uso wa kucheka. Nikashuka magoti kwenye mkeka. Naye akashuka mbele yangu. Tukapiga viganja, mwakeye, habari za mashamba, za ng'ombe, nikaona Erasto anatabasamu kule pembeni. Salamu zikaisha. Nikajiambia inuka.

Magoti yakasema hapana.

Nikajaribu la kushoto, nikajaribu la kulia, nikaegemea mkono, hakuna. Na hapo hapo, kwa kuwa nilikuwa nimeikandamiza ile mifuko, dawa ikaamka. Sijui nieleze vipi. Ni kama mtu amewasha jiko la mkaa ndani ya goti na anapepea.

Mnajua wenyewe, kwetu mtu mzima salamu zikiisha akabaki chini, maana yake ana kosa analotaka kuombea msamaha. Generoza akaninong'oneza, "Inuka," nami nikamjibu kwa meno, "Siwezi." Ungedhani atanishika mkono. Akageukia wakwe, akasema kwa sauti ya msibani, "Mtusamehe, ana jambo zito."

Baba yake Dativa akaweka kikombe chini. "Jambo gani?"

Mshenga wetu, Mzee Bihemo, ambaye kazi yake ilikuwa kututetea, akamgeukia Erasto. "Kijana, una mtoto wapi?"

"Sina, mzee."

"Fikiri vizuri."

"Mzee, mtoto hafikiriwi. Sina."

Na mimi wakati huo machozi yananitiririka, si ya huzuni, ni ya pilipili, nimeng'ata ncha ya kitenge nisije nikapiga kelele ukweni. Baba yake Dativa akanitazama, akatikisa kichwa polepole. "Mama mzima halii bure. Sisi tulishaumwa mara moja. Kama ni Mpanda tena, semeni, mle chakula mwende." Kule jikoni nikasikia Dativa ameanza kulia, na Erasto akakaa chini kwenye kizingiti kama mzigo uliokatwa kamba.

Nikaona mwanangu anakosa mke kwa ajili ya kichupa. Lakini nikisema tu, nani angeamini? Ilinibidi nionyeshe. Na kumwonyesha mkwe mwanamume goti lako, hata pindo la gauni, kwetu hiyo ni aibu ya kuhama kijiji. Nikahama. Nikasema, "Erasto hana mtoto, hana mke, ana mama mwenye magoti mabovu," nikafunua kitenge na gauni hadi hapa, juu ya magoti.

Wanaume wote wakageukia ukuta. Mzee Bihemo alijigonga kwenye kabati. Generoza akaanza kufungua bandeji, akafungua nailoni, na harufu ikatoka ikatufanya wote tukohoe, mpaka kuku aliyekuwa mlangoni akaondoka.

Halafu nikasikia mtu anacheka kwa pua. Ni mama yake Dativa, ambaye sasa ndipo nikagundua muda wote huo alikuwa bado chini, mbele yangu.

"Mkwe," akasema, "mimi tangu salamu ziishe nakusubiri wewe uinuke kwanza, nikushike nami niinuke."

"Kumbe na wewe?"

"Yote mawili. Nilimwambia mume wangu nisalimie nimekaa, akasema mtaniona nina maringo."

Tulicheka mpaka ikabidi wasichana waje watubebe, wanne kwangu, wanne kwake, kama magunia ya maharage. Dativa mwenyewe alinifuta magoti kwa mafuta ya kula halafu sabuni, macho bado mekundu, anacheka. Baba yake, bado ameangalia ukuta, akasema, "Watu wanaoficha goti tu, hao tunaweza kuishi nao. Leteni chakula."

Siku hizi mimi na mkwe tunapigiana simu asubuhi, kila mtu kwenye kiti chake, mguu umenyooka, tunasengenya huku tumeushikilia juu, na umbea ukiwa mtamu mguu unakaa juu zaidi. Magoti hayajarudi usichana lakini shambani yananifikisha na kunirudisha. Masudi nimemsamehe nusu. Generoza bado.

Na nimeapa sipigi magoti tena kwa mtu yeyote. Siku ya harusi padri aliposema tupige magoti, kanisa zima likashuka, hadi maharusi, tukabaki mama wawili tumekaa benchi la mbele kama wakaguzi. Padri akatutazama. Mkwe akaniinamia akasema, "Usithubutu," nikamwambia, "Hata wewe," tukakaa.