Benki Nne, Swali Moja

Nilitaka kufungua mashine ya kukoboa mpunga hapa Kahama. Mtaa mmoja una benki nne. Niliingia zote, na zote zikataka hati ya nyumba, kama watoto wa tumbo moja. Hati! Huku Usukumani akiba ya mtu inalala zizini, na zizi la mama yangu limejaa. Nilipotaja ng'ombe wake kama dhamana, afisa mikopo wa benki ya mwisho akanicheka: “Ng'ombe anakufa, dada.”

Zamani tulikuwa na benki ndogo ya wananchi. Mtu wao alikuja hadi zizini kwa jirani, akakagua ng'ombe, na jirani akafungua duka. Serikali ikaifunga, eti ni ndogo mno.

Mchana huo nilimkuta yule afisa kwa mama ntilie, anatafuna nyama ya ng'ombe. Pale hakuuliza hati.