Utitiri Kwenye Boksi la Nyenje

Mume wangu alipata kiharusi muda mfupi baada ya kuacha udereva wa malori. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakawa yanamtoka nusunusu. Mtu aliyezoea barabara ya Singida sasa alishinda barazani kwetu Msalato akiangalia geti. Mtaalamu wa mazoezi alimpa mpira wa kuminya. Siku ya kwanza aliuminya, siku ya pili akamrushia mbwa.

Mvua zilipoanza, akasikia nyenje wakilia chini ya mawe karibu na tanki la maji. Akanionyesha kwa fimbo. Nikamkamatia kadhaa, nikawatia kwenye boksi la plastiki lenye mchanga, na vipande vya trei za mayai wapate pa kujificha. Nilidhani atawachoka upesi. Wapi! Asubuhi, hata chai hajanywa, anauliza, "Wamekula?"

Siku moja akanigongea lile boksi kwa kidole. Nikainama, nikaona kama unga umewaganda nyenje kwenye maungio ya miguu. Nikavaa miwani. Unga ulikuwa unatembea.

Jirani yetu anayefuga kuku alichungulia, akasema, "Huo utitiri, dada. Nikuletee dawa ya banda, unapuliza mara moja tu."

Mume wangu akatikisa kichwa kwa nguvu. "Dawa... hawa nao... wadudu."

Jirani akacheka. "Kweli, shemeji. Tungewazika wote."

Nikaenda kuangalia kiroba cha pumba tulizokuwa tunawalishia. Kilikuwa kimekaa sakafuni jikoni, kimepata unyevu, na pumba zenyewe zilikuwa zinacheza. Nikakibeba hadi nyuma ya nyumba, nikakichoma chote. Mchanga wa boksi nikaumwaga kwenye moto huohuo. Boksi nikaliosha kwa maji ya moto, nikalianika. Jua la Dodoma halina mchezo. Kufikia alasiri lilikuwa kavu hata kwenye pembe. Mchanga mpya nikaukaanga kwenye sufuria kuukuu kama mtu anayekaanga karanga.

Wakabaki nyenje wenyewe, niliokuwa nimewahamishia kwenye jagi, na utitiri wao mwilini. Nilichukua brashi laini ya rangi, ya mtoto wetu wa mwisho wa kike, nikaanza kumsugua mmoja. Mguu ukakatika. Mume wangu akanyoosha mkono. Mkono wa kulia.

"Lete."

Nikampa. Brashi ikamwanguka. Nikaiokota, ikaanguka tena. Nilitaka kumwambia apumzike, nikajizuia. Akaibana kati ya kidole gumba na cha shahada, mimi nikamshikia nyenje kwa kitambaa, naye akapitisha brashi taratibu, kwapa hadi kwapa, jasho likimtiririka utadhani anapandisha lori mlimani. Tulimaliza mmoja, tukachukua mwingine.

Utitiri haukuisha siku ile. Tukawa tunaweka kipande cha karoti jioni, asubuhi tunakitoa kimejaa utitiri kwa chini, tunakitupa motoni. Chakula kingine tukawapa kikavu, kidogo kidogo. Nyenje wengine walikufa, na kila aliyekufa mume wangu alinuna. Lakini kila siku alidai brashi yake, na kila siku karoti ilitoka safi kuliko jana, mpaka ikawa inatoka safi kabisa.

Kisha asubuhi moja akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue. "Mama! Njoo uone!" Nilikimbia nikidhani ameanguka. Alikuwa ameinamia boksi. Juu ya mchanga walikuwa wakirukaruka nyenje wachanga, wadogo kama sisimizi, wengi mno. Niliomba miwani yangu niangalie miguu yao, kumbe yeye alikuwa ameshaivaa. "Safi," akasema.

Wiki hii ameanza kufunga vifungo vya shati mwenyewe, isipokuwa cha shingoni. Hicho namfungia mimi, huku akinieleza kwamba nyenje wamezidi na anataka boksi la pili.