Bao Nililolisikia Kiriaini

Nilizaliwa Naro Moru, katika nyumba ya mbao iliyo kando ya barabara inayopanda kwenda lango la mlima. Baba alikuwa mpagazi. Aliwabebea wageni mizigo hadi kule juu kwenye mawe na barafu, akarudi baada ya siku kadhaa, uso umeungua na midomo imepasuka, akalala mchana kutwa. Alipolala, nyumba nzima ililala naye. Mama alitutoa nje kwa kidole tu, nasi tukajua kwamba hata kuku wakipiga kelele, lawama ni yetu.

Basi mpira nilijifunza kimya kimya. Nilicheza nyuma ya nyumba, miguu mitupu kwenye nyasi zenye umande, na mpira wa mifuko ya nailoni nilioufunga kwa kamba ya katani. Niliugusa polepole usije ukagonga mbao za ukuta. Asubuhi mlima ulikuwa pale, mweupe kileleni, karibu kana kwamba ungeweza kuupigia pasi. Kufikia wakati wa chai ya saa nne, ulikuwa umejifunika na kutoweka. Kwa miaka mingi niliamini kwamba milima yote duniani huja na kuondoka hivyo.

Baba hakusema lolote kuhusu mpira wangu. Hakunikataza, hakunisifu. Aliniita Maitu, yaani mama, kwa sababu ndimi binti wake wa kwanza na nilipewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi kwetu. Labda ndiyo maana hakuwahi kunikaripia. Ni kazi ngumu kumkaripia mtu unayemwita mama.

Nilipomaliza shule nilienda Nyeri mjini kumsaidia tata, dadake baba, katika duka lake la nafaka. Kutwa nzima nilipepeta maharagwe, na jioni nilitoka nikiwa na vumbi hadi kwenye kope. Njia yangu ya kurudi nyumbani ilipita kando ya uwanja ambapo timu ya wanawake ilifanyia mazoezi. Siku ya kwanza nilisimama kidogo. Siku iliyofuata nilisimama mpaka giza likaanza kuingia. Kocha wao alikuwa fundi wa kushona sare za shule, mzee mfupi wa mtaa wa Majengo mwenye kofia nyeupe ya Kiislamu. Alinijia futi yake ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni.

"Wewe unacheza ama unaangalia tu?"

"Naangalia tu."

"Sasa mbona miguu inatembea?"

Nilitazama chini. Ni kweli, miguu ilikuwa ikisogea yenyewe kwenye nyasi, ikiufuata mpira ambao haukuwa wangu.

Mwanzoni alinipanga winga kwa sababu nilikuwa mwembamba na nilikuwa na mbio. Sikufaa. Nikiwa kule pembeni nilihisi kama mgeni aliyekaribishwa nyumbani kisha akaachwa mlangoni. Siku moja alisimamisha mazoezi, akaniita.

"Wewe unacheza kama mtu ameangusha kitu na anakitafuta," aliniambia. "Kuja hapa katikati. Vitu huangukia hapa."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa kiungo, na sikutoka tena katikati ya uwanja hadi nilipoacha mpira.

Ligi yetu ilikuwa ya chini, ile ambayo hata majirani hawajui ipo. Tulicheza kwenye viwanja vya shule, vingine vimeinama kiasi kwamba kipindi cha kwanza unapanda na cha pili unateremka. Ng'ombe walikatiza. Kanisani kwaya ilifanya mazoezi, nasi tukajikuta tunakimbia kwa mapigo ya nyimbo zao. Kiungo hakumbukwi na mtu. Watu hurudi nyumbani wakimtaja aliyefunga, au kipa aliyeteleza. Mimi nilipenda kutokumbukwa huko. Kulikuwa na nyakati, hasa jioni za Julai jua likiwa jepesi kama maji, ambapo uwanja mzima ulinyamaza kichwani mwangu, na wenzangu wakawa wanasogea taratibu kama majani juu ya mto. Hapo nilijua mpira utakwenda wapi kabla haujanifikia. Nikimwambia tata mambo hayo, ananitazama na kuniuliza kama nimekula.

Mechi ninayotaka kuisimulia tuliichezea Kiriaini. Mshindi angepanda daraja, na sisi tulikuwa wageni. Tulipita Othaya asubuhi tukiimba, mashamba ya chai yakiwa ya kijani kibichi pande zote, jua likiwaka. Wakati tunapasha misuli moto nilimwona mwanamume amesimama karibu na kibendera cha kona, amevaa buti za mlimani na jaketi kubwa jekundu aliloachiwa na mgeni. Nilidhani nimemfananisha. Nilisogea, nikakuta ni baba.

"Umefuata nini huku?" nilimuuliza, maana sikujua la kusema.

"Dadangu aliniambia mko na kazi leo," alijibu, akatazama pembeni kama mtu aliyekuwa akipita tu.

Hakuwahi kuniona nikicheza hata siku moja. Kipindi cha kwanza kilienda, na aibu ikanifunga miguu. Kila nilipogusa mpira nilihisi lile jaketi jekundu likinitazama. Nilipoteza pasi ambazo hata mtoto angezipiga. Wakati wa mapumziko tulikuwa bado bila bao, na kocha alinipa chungwa bila kunisema, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kusemwa.

Kisha ukungu ukashuka. Kwa watu wa huko hilo si ajabu, lakini ule ulikuja kwa namna ya pekee, ukitambaa juu ya chai kutoka bondeni, ukameza goli moja, kisha kanisa la jirani, kisha watu waliosimama kando ya uwanja. Jaketi jekundu lilififia likawa la waridi, halafu halikuwepo. Refa alitaka kuahirisha mechi. Manahodha wakakataa wote wawili, kwa kuwa hakuna aliyetaka kurudi siku nyingine. Tukaendelea.

Sijawahi kucheza vile tena. Niliona hatua chache mbele yangu, na zaidi ya hapo ulimwengu ulikuwa pamba. Nilianza kusikiliza. Beki wetu wa kulia alikuwa na pumzi nzito. Nilimjua kwa hiyo. Winga alikuwa na njumu iliyolegea, ikipiga chapu, chapu kwenye matope ya mvua ya usiku. Mshambuliaji wetu, msusi wa nywele aliyekuwa na pengo mbele, alipiga mluzi kila alipopata nafasi. Nami, niliyezoea kucheza kwa unyamavu tangu utoto, nikajikuta napaza sauti. "Kushoto! Rudisha! Niko hapa, niko hapa!" Sauti yangu ilienda ndani ya ule weupe, na kila mara mtu alijibu. Taratibu tulishikamana kama watu wanaovuka mto wameshikana mikono.

Nilisikia mluzi. Ulikuwa mbali, mbele, upande wa kulia. Sikuona mtu, wala beki wao, wala goli. Niliupiga mpira kuelekea mluzi ule, ukaingia kwenye ukungu na kupotea kama jiwe kisimani. Nilisubiri. Kulikuwa na ukimya ambao hata leo naweza kusimama ndani yake. Halafu kukaja sauti ya mguu ukigonga mpira, kisha mtu wa upande wao akasema, "Ai!" kwa huzuni kubwa. Refa akatokea kwenye weupe akikimbia, mkono ameunyoosha kuonyesha katikati ya uwanja.

Tulilinda bao hilo hadi mwisho. Wenzangu walipokuwa wakigaragara kwenye matope kwa furaha, nilienda kumtafuta baba. Nilimkuta palepale kwenye kona, nyusi zake zimejaa matone ya maji.

"Pole, Baba. Umekuja mbali hivi na hukuona kitu."

"Sikuona," alisema. Alizungumza Kikuyu, kwa sauti ya chini. "Lakini nilikusikia. Huko juu ukungu ukishuka, kuna mtu mmoja lazima apige kelele na wengine wamfuate. Mara nyingi ni mimi. Sikujua, Maitu, kwamba hata wewe unafanya kazi hiyo."

Alivua lile jaketi akanivika juu ya jezi yenye matope. Nilipolivaa lilinifika magotini.

Mara nyingi nimeliota bao lile. Ndotoni ukungu huinuka na mimi huona kila kitu, ila kila mara ni bao tofauti: mara limefungwa kwa kichwa, mara mpira umegonga mwamba, mara aliyelifunga ni tata mwenyewe, amevaa aproni ya dukani. Mshambuliaji wetu naye amelisimulia mara nyingi saluni, na kila akilisimulia linakuwa zuri zaidi. Sijawahi kumuuliza lilikuwaje hasa.

Ligi ya juu ilitutesa. Timu za huko zilikuwa na wachezaji waliokula na kulala mpira, nasi tulikuwa wasusi, wauza mboga na wachuma chai. Tulifungwa vibaya ugenini, tukafungwa kwa heshima nyumbani. Msimu ulipokaribia kwisha, katika mechi yetu Nyeri, niligeuka kufuata mpira na goti langu la kushoto likabaki nyuma. Nakumbuka nikiwa chali, anga safi kabisa, na kocha akiinama juu yangu, futi yake ikinigusa shavu. Daktari aliniambia nisahau mpira kwa muda, na pengine moja kwa moja. Timu ilirudi daraja la chini bila mimi.

Nilirudi Naro Moru. Kwa wiki nyingi nilikaa barazani mguu juu ya kigoda, nikiutazama mlima ukija na kuondoka. Baba alikuwa ameanza kupunguza safari za mlimani. Magoti yake pia yalikuwa yakilalamika. Asubuhi moja alileta fimbo mbili, akanipa moja.

"Twende mpaka kwenye miti."

"Daktari alisema nipumzike."

"Umepumzika. Sasa unaogopa."

Tulitembea hadi pale msitu unapoanza, kila asubuhi, yeye akiwa nyuma yangu. Hakuniambia nifanye nini. Alisikiliza tu jinsi ninavyokanyaga. "Leo ule wa kushoto unaiba," alikuwa akisema, nami nikijua nimeogopa kuukanyagia mguu huo. Njiani alinisimulia habari za huko juu: maua makubwa yanayojikunja usiku kwa baridi, maziwa madogo ya kijani, wageni wanaolia wakifika kileleni na wasijue kwa nini. Nilikuwa nimeishi chini ya mlima ule maisha yangu yote, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwake kunisimulia. Asubuhi moja tulifika kwenye miti, akageuka, tukaanza kurudi. Tulipokaribia nyumbani ndipo aliposema, "Leo sikusikia kitu. Miguu yote miwili ni yako."

Nilirudi Nyeri, nikacheza misimu mingine kadhaa. Sikuwa na mbio tena, lakini kiungo asiye na mbio hujifunza kuwahi kwa macho. Kocha alipozeeka alinipa filimbi yake. Siku hizi ninafundisha mabinti jioni, baada ya kufunga duka ambalo tata ameniachia.

Mechi yangu ya mwisho niliichezea Kianyaga, upande wa kusini wa mlima. Nilijua ni ya mwisho, ila sikuwa nimemwambia mtu. Mvua ilinyesha kipindi chote cha pili, na tulifungwa bila ubishi. Tulipokuwa tunavua njumu, mawingu yakapasuka na mlima ukajitokeza. Mimi niliuzoea kutoka upande wetu. Kutoka Kianyaga vilele vilikuwa vimebadilishana nafasi, kama watu wa nyumbani waliokaa kwenye viti visivyo vyao. Wachezaji wa timu zote mbili walisimama na soksi kwenye matope, wakitazama. Nilichukua simu nikampigia baba.

"Baba, niko Kianyaga. Mlima umetoka wote."

"Huko unaonekana vizuri," alisema. Nilimsikia akikohoa, redio ikilia nyuma yake. "Mmeshinda?"

"Tumefungwa."

"Basi vaa sweta, Maitu. Huko ni baridi."