Maji ya Kutu Niliyoyamwaga

Siku hiyo kwenye maabara ya shule tulikuwa wanne: Mwalimu Simkoko, mdogo wangu Atu wa kidato cha sita, mwenzake Shukuru, na mimi mfanya usafi.

Wazazi walipofariki niliacha shule ili Atu asome. Asubuhi ile nilikuta mezani chupa zisizo na lebo, zimejaa maji ya kutu. Hapa Nanyala bomba letu hutoa maji ya namna hiyo, na kazi yangu ni kuyamwaga. Nikayamwaga. Nikasugua chupa zikang'aa, nikajaza maji safi ya ndoo. Nilijua Atu anafanya jaribio lake la mwisho kabla ya mtihani, nikajiona nimeisaidia sayansi.

Wakaja kupima kasi ya mapovu. Atu akamimina dawa ya haidrojeni peroksaidi kwenye zile chupa, Shukuru akabonyeza saa. Povu halikutoka.

"Tungoje, labda limelala," Shukuru akasema.

"Chumvi ya chuma haichelewi kutoa povu hivyo," mwalimu akasema. "Niliiyeyusha yote jana mwenyewe humu chupani, ikawa na rangi ya kutu kabisa."

Nilikuwa mlangoni na tambara mkononi. Atu akainua chupa kuelekea dirishani, akaona inavyong'aa, akanigeukia.

"Dada, umeziosha?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mwalimu akatazama kopo la chumvi, lilikuwa tupu. Tuliiazima kutoka shule moja ya hapa jirani, Ruanda. Atu ameingia kwenye mtihani bila kuona povu hata moja, na chumvi ya watu bado hatujairudisha.