Haramia Waliokunywa Kakao

Mke wangu Loveday hakuwahi kupanda meli. Bahari yetu ya Cornwall, huku Uingereza, ilimchefua kwa kuitazama tu. Lakini vitabu vyake vilijaa haramia, visiwa na mizinga, na wavulana wa nchi nzima walivisoma. Juu ya jalada paliandikwa jina la kubuni, Kapteni Roland Stirk. Mchapishaji wake, Bwana Ames, alisema mvulana hagusi kitabu cha mwanamke.

Wanunuzi wakubwa walikuwa makanisa, kwa zawadi za shule ya Jumapili. Basi pombe marufuku. Haramia wake walikunywa kakao.

"Wanakata watu shingo, halafu kakao?" nilimcheka.

"Ya moto, Jabez. Baharini kuna baridi."

Kifua kilipomshinda, aliandika kitabu cha mwisho akiwa kitandani. Humo akawapa haramia ramu, pombe kali ya mabaharia. Bwana Ames akaja kwa treni, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Bibi Trewin, mchungaji gani atanunua hiki?"

"Ramu nitaitoa. Nawe weka jina langu. Kwenye kitabu kimoja tu, kabla sijafa."

"Mama, tafadhali..."

"Ama ramu ibaki, ama jina liwekwe. Chagua, bwana. Sina pumzi ya kubishana."

Akakubali, wakapeana mikono. Loveday akashika kalamu, akawa anafuta ramu ukurasa baada ya ukurasa, huku akikohoa.

"Pumzika basi," nikamwambia.

"Nitapumzika sana."

Alifariki kitabu hakijatoka.

Mimi huchonga mawe ya makaburi. Kusoma sijui, huchorewa herufi, nikazifuata kwa patasi. Jiwe lake nililichonga polepole. Mkono ukalijua jina lake.

Karibu na Krismasi kitabu kikaja. Nikayatafuta yale maumbo ya jina lake juu ya jalada. Hayakuwapo. Jirani yangu Bibi Nance, huyu anayeniandikia haya, akanisomea. Ndani, kakao tupu. Juu, Kapteni Stirk.

"Mwongo mkubwa huyo Ames! Mshitaki, Jabez!"

"Kwa nani? Nimechoka, Nance."

Nikakipeleka kitabu makaburini, nikakiegemeza kwenye jiwe. Chini ya jina la mke wangu nikanakili kwa patasi lile la kapteni, herufi moja moja. Mchungaji akapita, akakunja uso, akaenda zake.

Wageni husimama pale wakavua kofia. Hudhani nimezika watu wawili.