Kigoda cha Matanga

Siku yangu ya kwanza kazini kwa yule mzee wa mji wa Hopkins, huku ughaibuni, niliyavuruga matanga yake kabla hata ya chakula cha mchana. Shirika lililoniajiri lilikuwa limeniambia tu kwamba nakwenda kumhudumia mzee wa Kiyahudi aliyefiwa na mkewe, nyonga yake mbovu, mdomo wake mzima. Nilikuta mlango haukufungwa, nikaufunga kwa ufunguo. Nikakuta vioo vyote vimefunikwa mashuka, nikadhani ni nguo zinazongoja kufuliwa, nikayakusanya na kuyatia kwenye mashine. Kisha nikamwona mzee mwenyewe amekaa kwenye kigoda kifupi, magoti yanakaribia kidevu. Sisi tunaotunza wazee, jambo la kwanza tunalofundishwa ni kwamba mzee asianguke. Nikampitishia mikono kwapani, nikamwinua, nikamkalisha kwenye kiti chake kikubwa cha ngozi.

Alicheka mpaka akakohoa. Binti yake alitoka jikoni mbio kuja kuona kuna nini, maana tangu mazishi hakuwa amemsikia baba yake akicheka. Ndipo nikaelezwa. Kwa desturi yao mfiwa hukaa chini wiki nzima. Vioo hufunikwa ili asihangaike na sura yake, na mlango huachwa wazi ili watu waingie bila kubisha hodi. Na anayeingia hasemi neno mpaka mfiwa mwenyewe aanze kusema. Hilo la mwisho lilinishangaza kuliko yote. Kwetu Nyamira, mtu akija matangani akanyamaza, watu watauliza amekuja kufanya nini.

Wiki yao ikaisha, mimi nikabaki. Nilimwita mzee, na alipojua maana ya neno hilo akaanza kuniita mimi pia mzee, ingawa nilikuwa bado na nywele zangu zote. Zamani alikuwa na duka la viatu mjini Saint Paul, na angeweza kukueleza miguu ya wateja waliokwisha kufa. Alibishana nami kuhusu chumvi, kuhusu njia ya kupita na gari, kuhusu namna ya kukunja soksi. Saa pekee aliyonyamaza ni asubuhi baada ya chai. Hapo alikaa dirishani, akafunika macho kwa kiganja cha mkono wa kulia, akapumua tu.

Nilipomuuliza anafanya nini, alisema anaomba. Mkewe alipofariki, maneno ya sala yalimkataa kinywani. Akajiunga na darasa la kutafakari kwenye sinagogi lao. Mwalimu wao aliwafundisha kwamba jina la Mungu wao halitamkwi, na ukijaribu kuzisema herufi zake unabaki na pumzi peke yake. Kwa hiyo hata mtu asiye na nguvu ya kuomba, akivuta pumzi na kuitoa, amekwisha kulitaja. "Huzuni ikija," aliniambia, "siifukuzi, wala siipikii chai. Naiacha ikae."

Kila Alhamisi nilimpeleka kwenye darasa hilo, nikakaa kiti cha nyuma. Mwalimu, mama mmoja mpole mwenye mvi, aligonga kengele ndogo, watu wakafumba macho. Mimi niliyetoka zamu mbili nililala. Kukoroma kwangu hakukusemwa na mtu mpaka tulipofika kwenye gari. "Mzee," akaniambia, "leo umelitaja jina la Mungu kuliko sisi sote." Moyoni niliona ni mambo ya watu wenye nafasi. Kanisani kwetu tunaomba wote kwa pamoja, kwa sauti, na mikono juu, na hakuna anayelala.

Kisha mama yangu akafariki. Ilikuwa Januari, baridi ya kugandisha milango ya magari. Dada yangu alipiga simu nikiwa kwenye foleni dukani. Simu ilipokatika nikalipia maziwa, nikaenda nyumbani. Kesi yangu ya kuomba hifadhi ya ukimbizi ilikuwa bado mahakamani, na mtu akitoka nje ya nchi kabla kesi haijaamuliwa, anaweza asirudi tena. Mke wangu na watoto walikuwa huku nami, nyumbani kwetu Maplewood; singeweza kuwaacha. Mama yangu angezikwa bila mimi, mtoto wake wa kwanza.

Jioni hizo nyumba yetu ilijaa Wakenya. Walikuja na chapati, kuku na pilau kwenye trei za foili. Wakaimba, wakaomba, wakatuoshea vyombo. Nawashukuru mpaka leo. Lakini mimi ndiye niliyepokea makoti, nikatafuta viti, nikatoka kuwaonyesha watu pa kuegesha ili magari yao yasivutwe na watu wa manispaa wanaoondoa theluji barabarani. Rafiki yangu mmoja, nesi, alinishika bega mlangoni.

"Boss, jikaze," akasema. "Wewe ndiye firstborn. Uki-break down, nani ata-hold hii family?"

Nikajikaza. Nilijikaza vizuri sana, mpaka mke wangu akaanza kunitazama kama anavyowatazama wagonjwa kule hospitalini anakofanya kazi.

"Si uitishe off hata kidogo?" akaniuliza.

"Nikae home nikifanya nini?"

"Ulie."

"Nimejaribu."

Na kweli nilikuwa nimejaribu. Nilijifungia bafuni, nikafungulia maji ili watoto wasisikie, nikangoja. Hakikuja kitu. Niliogopa. Nilijiuliza ni mtoto wa namna gani asiyeweza kumlilia mama yake, na kama labda miaka ya kukaa mbali ilikuwa imenikausha.

Siku ya pili baada ya mazishi, dada alinitumia vipande vya video. Nilivitazama asubuhi ndani ya gari, nje ya jengo la mzee, injini ikiwaka nisigande. Niliona jeneza, hema, wajomba zangu na suti zao, pasta akishika kofia isipeperuke. Niliona mtu mwingine akitupa udongo mahali pangu. Nilitazama kama mtu anayetazama habari za nchi jirani. Nikazima simu, nikapanda kumpa mzee dawa zake.

Sikuwa nimemwambia. Tunakatazwa kuwapelekea wazee shida zetu. Lakini alipomaliza chai aliweka kikombe chini.

"Hujabishana nami tangu uingie," akasema. "Nani amefariki?"

"Mama yangu. Wamekwisha kumzika."

Mzee alishika kifaa chake cha kutembelea, akaenda bafuni, na nikamsikia akihangaika. Alikuwa anatundika taulo juu ya kioo. Kisha akaenda kufungua kitasa cha mlango. Kisha akakitoa kabatini kile kigoda, akakisukuma kwa mguu hadi mbele yangu.

"Mzee, niko kazini," nikasema.

"Hii ndiyo kazi ya leo."

Nikakaa. Magoti yalinifika kifuani. Yeye akakaa kwenye kiti chake cha ngozi, na mdomo ule usiochoka ukafungwa. Nilingoja aseme neno. Nilianza kukasirika. Friji lilivuma, chini gari la kuondoa theluji lilikwangua lami, na mzee alipumua. Kwa kukosa la kufanya nilifunika macho kwa kiganja, nikapumua pia, kama watu wa Alhamisi.

Mwanzoni niliwaza matairi ya gari. Kisha ile video ikarudi, na safari hii sikuona jeneza. Niliona pembeni, kando ya ukuta wa nyumba ya mama, kitu kilichokuwa kwenye nyasi wakati wote nami sikukitazama.

Kila Disemba, watu wa mijini walipoanza kurudi kwa Krismasi, mama alitoa godoro langu juani. Nilimwambia kwenye simu, "Mama, usijisumbue, karatasi zangu bado hazijatoka." Naye alijibu, "Najua. Lakini lisipopata jua litaoza, halafu ukija utalala wapi?" Alifanya hivyo miaka yote niliyokuwa huku. Na sasa, kwenye video, lilikuwa pale, wanawake wa matanga wamelikalia.

"Mama alikuwa ananianikia godoro," nikasema.

Mzee aliinamisha kichwa. Sasa aliruhusiwa kusema. "Lilikuwa la rangi gani?"

"Buluu. Lina doa pembeni. Nililimwagia chai nikiwa darasa la saba, akanichapa..."

Sikumaliza. Nililia kwa sauti, kamasi na yote, mwanaume mzima kwenye kigoda, nikimwita mama yangu katika nyumba ambayo mlango wake ulikuwa wazi. Mzee hakuniambia ninyamaze, wala hakuniambia nijikaze. Nilipoweza tena kusema, nilimuuliza lile lililokuwa linaniumiza.

"Disemba nani atalitoa?"

Mzee alifunika macho kwa kiganja chake, nikamsikia akivuta pumzi, akaitoa. Nami nikafunika yangu.